Kimya cha Mwanachama: Morogoro 1969 na Kura Zilizopotea Afrika Kusini

Tarehe 29 Mei 2024 wananchi wa Afrika Kusini walipiga kura, na chama cha African National Congress (ANC), kilichoongoza nchi hiyo tangu 1994, kikapata asilimia 40.18 tu. Kwa mara ya kwanza tangu kuanguka kwa utawala wa makaburu, chama hicho hakikuweza kuunda serikali peke yake. Mengi yameandikwa tangu siku hiyo, na sehemu kubwa ya maandishi hayo inashughulika na swali la kura za ANC zilikwenda kwa nani. Sisi tunaona kwamba hilo ni swali la pili. Swali la kwanza, ambalo kada yeyote wa chama kilichoshika dola hana budi kulitafakari, ni hili: kura ambazo hazikwenda kwa mtu yeyote zilipotelea wapi, na kwa nini wenye chama hawakuziona zikiondoka kwa muda wa miaka ishirini?

Hatuulizi kwa kuwacheka ndugu zetu. ANC si chama kigeni kwetu. Wapiganaji wake waliishi Kongwa, watoto wake walisoma Mazimbu, na mmoja wa mikutano yake mikubwa ya uhamishoni ulifanyika mjini Morogoro. Tunauliza kwa sababu ugonjwa uliompata ndugu ni onyo kwa jamaa nzima, na kwa sababu dawa yake, kama tutakavyoonyesha, ilikwisha kujaribiwa hapa hapa kwetu.

ASILIMIA NA KURA

Kosa la kwanza ni la hesabu, lakini ni hesabu yenye itikadi ndani yake. Katika uchaguzi wa 1994 ANC ilipata kura 12,237,655, sawa na asilimia 62.65. Miaka kumi baadaye, mwaka 2004, ilipata asilimia 69.69, ushindi mkubwa kuliko wote katika historia yake. Chama kilishangilia. Lakini kura zenyewe zilikuwa 10,880,915. Yaani katika mwaka ule ule ambao chama kilijiona kimefika kileleni, kilikuwa kimeshuka kwa kura zaidi ya milioni 1.3.

Hakuna mazingaombwe hapa. Asilimia hupima waliokuja kituoni tu. Asiyekuja hahesabiwi, si upande huu wala upande ule. Chama kinaweza kupanda kwa asilimia kwa sababu tu wapinzani wake ni dhaifu na wafuasi wake wanapungua polepole kuliko wenzao. Kiongozi anayesoma asilimia peke yake ni sawa na mkulima anayepima mavuno kwa kulinganisha gunia lake na la jirani, asitazame kama ghala inajaa au inakwisha.

Tuendelee na hesabu. Mwaka 2019 ANC ilipata kura 10,026,475. Mwaka 2024 ilipata 6,459,683. Zilizopotea ni zaidi ya milioni 3.5. Chama kipya cha MK, kilichoanzishwa Desemba 2023 na kuungwa mkono na Jacob Zuma, aliyewahi kuwa Rais wa ANC na wa nchi, kilipata kura karibu milioni 2.3. Hata tukikubali, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba kila kura ya MK ilitoka ANC, bado kura zaidi ya milioni 1.2 zinahitaji maelezo. Wala hazikuonekana kwa wapinzani wakubwa wa siku zote: DA na EFF nao walipata kura chache kuliko walizopata 2019. Waliojitokeza walikuwa asilimia 58.64 ya walioandikishwa, ilhali mwaka 1999 walikuwa asilimia 89. Na onyo lilikuwa limekwisha kutolewa: katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2021 waliopiga kura hawakufika asilimia 46 ya walioandikishwa, na ANC kwa mara ya kwanza ikapata chini ya nusu ya kura nchi nzima.

HASIRA NA KUKATA TAMAA

Baada ya matokeo ya 2021 ilisikika hoja moja iliyowafariji wengi: kwamba wafuasi wetu hawajatuhama, wamekaa nyumbani tu, na uchaguzi ujao watarudi. Hoja hii inahitaji kukosolewa kwa makini, maana ina nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hupotosha kuliko uongo mtupu.

Ni kweli kwamba aliyekaa nyumbani hajawa mpinzani. Lakini hoja hiyo inamchukulia mwanachama kama mali iliyowekwa stoo, ambayo mwenyewe anaweza kuifuata siku yoyote atakapoihitaji. Inasahau kwamba kukaa nyumbani nako ni uamuzi. Mama anayeamka alfajiri kwenda kazini, ambaye mwaka 1994 alisimama kwenye mstari kutwa nzima kwa furaha, na ambaye leo kituo kiko karibu na mlango wake lakini haendi, hakushindwa na uvivu. Amepima, na ameona kwamba kura yake haina uzito wa kumpotezea nusu siku.

Hapana budi tutofautishe mambo mawili ambayo katika taarifa zetu huchanganywa: hasira na kukata tamaa. Mwanachama mwenye hasira bado ana imani. Anakuja mkutanoni, anasimama, anasema maneno makali, anataka majina na tarehe. Anakasirika kwa sababu anaamini Chama kinaweza kuwa bora kuliko kilivyo. Viongozi wengi humwogopa mtu huyu, humwita mkorofi au mamluki, na hufurahi siku anapoacha kuja. Hapo ndipo penye kosa. Siku aliyoacha kuja si siku aliyotulia. Ni siku aliyokata tamaa. Hana tena la kusema kwa sababu hana tena anachokitarajia. Wahenga walikwisha kutuambia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini katibu wa tawi huandika kwenye taarifa yake: "Hali ya kisiasa ni shwari."

Kwa hiyo ubaridi wa wanachama kabla ya uchaguzi ni hatua ya mwisho ya ugonjwa. Hatua ya kwanza ilikuwa malalamiko, ya pili ilikuwa hasira, na katika hatua zote hizo mbili mgonjwa alikuwa bado anatibika.

MOROGORO

Wanaodhani kwamba tunayoyasema ni nadharia tupu watazame yaliyotokea mwaka 1969.

Mwaka 1967 wapiganaji wa uMkhonto we Sizwe, jeshi la ANC, wakishirikiana na wenzao wa ZAPU, waliingia Rhodesia kupitia Wankie wakikusudia kufungua njia ya kurudi nyumbani. Wengi waliuawa. Wengine, akiwemo Chris Hani, walivuka mpaka wakaingia Botswana na kufungwa huko. Walipofunguliwa na kurudi kwa wenzao Zambia, walikuta viongozi wao hawana haraka hata ya kukaa nao na kuwauliza yaliyotokea. Mwanzoni mwa 1969 Hani na wenzake sita waliandika waraka. Walisema kwamba uongozi wa uhamishoni umejitenga na nyumbani, kwamba baadhi ya viongozi wamefanya mapambano kuwa ajira, kwamba kuna upendeleo katika kupeleka vijana masomoni, na kwamba hakuna mpango wa kweli wa kuirudisha vita nchini.

Jibu la kwanza lilikuwa lile ambalo kila urasimu hulitoa. Waliosaini waraka walishtakiwa ndani ya chama wakafukuzwa uanachama, na walikuwepo waliotaka waadhibiwe kwa ukali zaidi ya hapo. Lau mambo yangeishia hapo, historia ya ANC ingekuwa nyingine. Lakini Oliver Tambo na wenzake walielewa kwamba waraka ule ulikuwa umesema kwa sauti yale ambayo kambi nzima ilikuwa inayasema kwa kunong'ona. Kuanzia tarehe 25 Aprili hadi 1 Mei 1969 wajumbe zaidi ya 70 walikutana Morogoro.

Yaliyofanyika pale yana mafunzo manne. Kwanza, malalamiko yalipata kikao. Hayakuachwa yawe umbea wa kambini. Pili, viongozi waliweka nafasi zao mezani: Tambo mwenyewe alijiuzulu mbele ya mkutano, na wajumbe wakamrudisha kwa kauli moja, akiwa sasa na nguvu mpya ya kuongoza. Tatu, muundo ulibadilishwa: Halmashauri ya Taifa ilipunguzwa, likaundwa Baraza la Mapinduzi la kusimamia mapambano, na milango ya uanachama huko nje ikafunguliwa kwa wazalendo wa rangi zote. Nne, baadaye mwaka huo huo Hani na wenzake walirudishwa chamani. Mtu yule aliyefukuzwa kwa kukosoa alikuja kuwa Mkuu wa Utumishi wa jeshi la ukombozi mwaka 1987, na hadi alipouawa tarehe 10 Aprili 1993 alikuwa mmoja wa viongozi waliopendwa sana na vijana na wafanyakazi wa nchi yake.

Hatusemi kwamba Morogoro ilimaliza kila kitu, na haitakuwa uaminifu kuipamba. Mwaka 1984 wapiganaji katika kambi za Angola walipodai tena mkutano mkuu, walizimwa kwa nguvu na baadhi yao waliuawa. Mkutano walioudai ulikuja kufanyika Kabwe, Zambia, mwaka 1985. Kumbe hata chama kilichojifunza kusikiliza kinaweza kusahau. Kujikosoa hakurithiwi, kila kizazi cha uongozi hujifunza upya au hakijifunzi kabisa.

CHAMA KINAPOKUWA NJIA YA MSHAHARA

Ni nini basi kilichobadilika kati ya Morogoro ya 1969 na masanduku ya kura ya 2024? Wapo wanaojibu kwamba watu wamekuwa wabaya: viongozi wa zamani walikuwa waadilifu na wa leo ni walafi. Jibu hili ni la kimahubiri. Linalaumu tabia likaacha misingi ya kiuchumi inayoizaa tabia hiyo.

Mwaka 1969 kadi ya ANC ilikuwa tiketi ya kwenda jela au kaburini. Baada ya 1994 kadi ile ile iliweza kuwa tiketi ya udiwani, ya kazi ya manispaa, na ya zabuni. Katika nchi ambayo uchumi mkubwa ulibaki mikononi mwa wachache, na ambayo mwanzoni mwa 2024 takwimu rasmi zilionyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila watatu wa nguvu kazi hakuwa na kazi, Chama kiligeuka kuwa mojawapo ya ngazi chache ambazo mtoto wa maskini angeweza kupanda. Tusistaajabu kwamba ngazi hiyo iligombewa, na kwamba waliotangulia kupanda walijaribu kuivuta juu.

Matokeo yake yalionekana kwanza katika matawi. Kadi zilinunuliwa kwa wingi na watu wasiozitumia, ili wapatikane wajumbe wa kupiga kura katika mkutano mkuu. Hesabu ya wanachama ikawa inapanda na kushuka kwa kufuata misimu ya uchaguzi wa ndani: kabla ya mkutano mkuu wa 2012 chama kilitangaza wanachama zaidi ya milioni 1.2, mwaka 2015 hawakufika laki 8. Hao waliopungua hawakuwa wanachama waliokata tamaa. Wengi hawakuwa wanachama tangu mwanzo. Lakini uwepo wao wa karatasi ulimfukuza mwanachama wa kweli, maana alipofika mkutanoni na hoja yake alikuta safu imekwisha kupangwa.

Pili, kujikosoa kukawa maneno. Mwaka 2017 mkutano mkuu uliamua kwamba kiongozi anayeshtakiwa kwa makosa makubwa ajiweke pembeni. Utekelezaji ulianza 2021. Katika zaidi ya miaka mitatu hiyo iliyopita katikati, Tume ya Jaji Zondo ilikuwa ikisikiliza ushahidi hadharani, na wananchi wakitazama kwenye televisheni jinsi mashirika ya umma yalivyotafunwa. Kwa mwananchi, azimio lisilotekelezwa ni baya kuliko kutokuwa na azimio, kwa sababu linamthibitishia kwamba viongozi wanaijua haki na hawaitaki.

Haki inatudai tuseme pia yaliyofanyika. Serikali ya ANC ilijenga mamilioni ya nyumba, ilisambaza umeme na maji kwa watu ambao makaburu waliwahesabu kuwa si watu, na inawalipa ruzuku wazee na watoto. Hayo ni matunda ya kweli. Lakini umeme uliosambazwa ulianza kukatwa kwa mgawo kuanzia miaka ya 2007 na 2008, na mwaka 2023 mgawo ukawa mbaya kuliko miaka yote iliyotangulia. Tarehe 16 Agosti 2012 polisi wa serikali ya wafanyakazi waliwaua wachimba migodi 34 waliokuwa katika mgomo huko Marikana. Hakuna orodha ya nyumba zilizojengwa inayoweza kulijibu jambo hilo, na chama kilichojaribu kulijibu kwa orodha kilikuwa kimekwisha kuacha kuwaelewa watu wake.

Ndipo tunaona kejeli ya historia. Chama kilichoikata ANC kura nyingi mwaka 2024 kilijipa jina la jeshi lile lile la akina Hani. Malalamiko yaliyokosa kikao ndani ya chama yalijitafutia kikao nje, yakaondoka na jina la familia.

HOJA YA SILAHA KWA ADUI

Tunajua kwamba baadhi ya makada watasema: maneno haya yafaa, lakini si wakati wa uchaguzi. Kukosoana kabla ya kura ni kumpa adui silaha.

Hoja hii ina uzito na tusiidharau. Chama ni jeshi, na jeshi halijadili amri likiwa vitani. Lakini tujiulize: wakati upi basi? Baada ya ushindi tunaambiwa tusiharibu sherehe. Katikati ya kipindi tunaambiwa serikali iachwe ifanye kazi. Kabla ya uchaguzi tunaambiwa tusimpe adui silaha. Kwa mpango huo mwaka hauna siku hata moja ya kusema ukweli. Akina Tambo waliitisha Morogoro wakiwa na adui aliyekuwa anaua, na si aliyekuwa anagombea kura tu. Hawakusubiri amani ndipo wajirekebishe.

Zaidi ya hayo, silaha kubwa ya mpinzani haitoki katika kumbukumbu za vikao vyetu. Inatoka katika bomba lisilotoa maji na diwani asiyeonekana. Hizo mpinzani anazo tayari, na mwananchi anazo kabla yake.

KIOO CHETU

Tusijidanganye kwamba tunazungumza habari za jirani. Mwaka 2005 mgombea urais wa Chama Cha Mapinduzi alipata kura 9,123,952. Mwaka 2010 mgombea yule yule alipata 5,276,827. Katika muda huo daftari la wapiga kura lilikuwa limekua kutoka milioni 16.4 hadi milioni 20.1, na waliojitokeza wakashuka kutoka asilimia 72 hadi chini ya 43. Tukiwatoa marehemu na waliohama ambao majina yao yalibaki daftarini, bado shimo ni kubwa mno. Tulishinda, na kwa kuwa tulishinda, wengi wetu hatukuuliza kwa bidii wale karibu milioni nne walikuwa wapi siku hiyo.

Wakati wa TANU tulikuwa na chama kimoja, lakini katika uchaguzi wa 1965 wananchi walipewa wagombea wawili katika majimbo mengi, na wabunge wengi waliokuwa madarakani, wakiwemo mawaziri, walikataliwa. Chama hakikuanguka kwa sababu hiyo. Kilipata nguvu, kwa kuwa mwananchi aliona kwamba kura yake inaweza kumwondoa mtu mkubwa bila kukiondoa Chama chake. Hilo ndilo linalomleta mtu kituoni. Kanga na kofia havimleti, au humleta kwenye mkutano wa hadhara akacheza ngoma, kisha siku ya kura akabaki shambani.

Kwa hiyo kazi ya kada ni ipi? Tunataja machache ambayo hayahitaji fedha wala ruhusa ya makao makuu. Taarifa ya tawi ihesabu kura na watu, si asilimia. Iseme mwaka ule tulikuwa wangapi, mwaka huu wangapi, na waliopungua ni akina nani. Malalamiko yaandikwe katika kumbukumbu za kikao kwa maneno ya aliyelalamika, na kikao kinachofuata kianze na majibu kabla ya kufungua ajenda mpya. Kadi isilipiwe na mgombea. Mwanachama mkali asiitwe mkorofi mpaka hoja yake imejibiwa. Na yule aliyeacha kuja afuatwe nyumbani kwake, si mwezi wa kampeni bali mwaka mmoja kabla, na kada anayemfuata aende kusikiliza.

Yatasemwa kwamba haya ni madogo mbele ya mambo makubwa ya uchumi na dola. Si madogo. Waraka wa Hani ulikuwa karatasi chache zilizoandikwa na watu saba. Uliiokoa ANC kwa sababu ulipata mkutano wa kuupokea. Miaka hamsini baadaye mamilioni waliandika waraka wao kwa kutokuja kituoni, uchaguzi baada ya uchaguzi, na hapakuwa na kikao kilichousoma hadi masanduku yalipofunguliwa Mei 2024. Kila tawi linalo waraka kama huo sasa hivi, umeandikwa kwa viti vitupu vya mkutano uliopita. Kada aanze kwa kuvihesabu.